Ndama Dhaifu na Saa Sita za Mwanzo

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa na mtaalamu wa mifugo mstaafu mbele ya makatibu na wajumbe wa vyama vya msingi vya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa katika miteremko ya Kilimanjaro. Yanachapwa hapa kwa ombi la makatibu ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Katika barua ya mwaliko niliombwa nizungumze juu ya kuongeza maziwa yanayoletwa vituoni. Nimemwomba Ndugu Mwenyekiti ruhusa nilianze jambo hilo mahali ambapo kwa kawaida halianzwi. Sitazungumza leo juu ya ng'ombe anayekamuliwa. Nitazungumza juu ya ndama aliyezaliwa usiku wa kuamkia leo, ambaye hajasimama, ambaye mama yake amekufa au amemkataa au amelala hoi kwa homa ya maziwa, na ambaye atakayemlisha ni mtu mwenye chupa mkononi.

Ninyi makatibu mna madaftari mazuri. Nimeyaona. Mna safu ya kilo za maziwa ya asubuhi na ya jioni, safu ya pumba na mashudu yaliyokopwa, safu ya makato na safu ya salio. Nimetafuta katika madaftari hayo safu ya ndama waliokufa, nami sikuiona. Ndama afapo siku ya pili, huzikwa nyuma ya migomba, na habari yake huishia hapo hapo nyumbani kwa mwanachama. Hata mimi, katika miaka yote niliyotembelea vihamba, nilijua ni ndama wangapi walikufa katika zizi hili au lile, lakini sikuwahi kujua wangapi walikufa katika chama kizima, kwa sababu hapakuwa na aliyehesabu.

Hasara hiyo si ya mwenye zizi peke yake. Wengi wenu mmeingia katika mpango wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe. Mwanachama hupewa mtamba mwenye mimba, naye hulipa kwa kumtoa ndama jike wa kwanza, baada ya kumlea hadi umri uliokubaliwa, apewe mwanachama mwingine anayefuata katika orodha. Basi ndama jike akifa usiku wa pili, aliyempoteza ni wawili: yule aliyemzika, na yule aliyekwisha kujenga banda na kupanda majani ya tembo, akingoja zamu yake. Huyu wa pili aghalabu haelezwi kilichotokea. Huambiwa tu kwamba ng'ombe bado.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Kuna jambo moja ambalo nikifanikiwa kuwaelewesha leo, mengine yote nitakayosema mtaweza kuyaona wenyewe. Ndama huzaliwa hana kinga. Mtoto wa binadamu hupokea sehemu ya kinga ya mama yake angali tumboni. Ndama hapokei, kwa kuwa kondo la nyuma la ng'ombe haliruhusu kinga hiyo kupita kutoka damu ya mama kuingia damu ya mtoto. Kinga yote ambayo mama amemwandalia imewekwa mahali pamoja tu, nayo ni katika dang'a, yale maziwa mazito ya manjano yanayokamuliwa mara ya kwanza. Na mlango wa kuipokea haukai wazi. Utumbo wa ndama aliyezaliwa sasa hivi unaweza kuipitisha kinga ile nzima nzima mpaka katika damu. Kila saa ipitayo uwezo huo hupungua. Zikipita saa kumi na mbili kilichobaki ni kidogo, na baada ya siku moja mlango umefungwa. Baada ya hapo ndama aweza kunywa dang'a hata ndoo nzima, itamshibisha na kufunika utumbo wake kidogo, lakini haitaingia katika damu.

Kwa hiyo, Ndugu zangu, mfugaji anayesema, "Jana usiku alikuwa dhaifu mno, nikaona nimwache apumzike hadi asubuhi," amefanya kwa huruma jambo lenye madhara makubwa kuliko yote. Ndama mwenye nguvu atainuka na kujitafutia. Ndama dhaifu ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya dang'a, naye ndiye asiyeweza kuifuata. Mimi huwaambia wafugaji walenge saa sita za mwanzo, na ikiwezekana lishe la kwanza liwe ndani ya saa mbili.

Kiasi ni gani? Kipimo cha kukumbuka ni sehemu moja kwa kumi ya uzito wa mwili. Ndama wa Friesian mwenye kilo 40 apate lita 4. Ndama wa Jersey mwenye kilo 25 apate lita 2 na nusu. Ndama mzima aweza kuyanywa hayo kwa mara moja au mbili. Ndama dhaifu hawezi, wala asilazimishwe. Huyu apewe nusu lita hadi lita moja, apumzishwe, apewe tena na tena, mpaka kiasi chake kitimie kabla ya saa sita. Kisha aongezewe kama lita 2 kabla ya saa kumi na mbili kupita. Ni kazi ya kukesha, na siwezi kuipamba kwa maneno.

Kabla ya dang'a, hata hivyo, kuna mambo ya kutangulia. Hapa naomba niwasimulie kosa langu mwenyewe, maana nimelificha kwa muda mrefu wa kutosha.

Ulikuwa mwaka wangu wa pili kazini, mwezi wa Julai, na wenyeji wa huku juu mnaijua Julai yetu. Mama mmoja mjane alimtuma mwanawe aje kuniamsha yapata saa nane usiku. Ng'ombe wake alikuwa amezaa kwa shida juu ya sakafu ya saruji iliyolowa. Nilipofika nilimkuta ndama jike amelala ubavu, shingo amenyoosha, ulimi baridi kama jiwe la mtoni. Yule mama alikuwa amefanya vyema kuliko mimi: alikwisha kukamua dang'a na kuitia katika birika. Nami, kwa kuwa nilijua habari za saa sita, nikafanya haraka. Nikachukua chupa ya soda isiyo na chuchu, nikaunyanyua mdomo wa ndama ukaelekea juu darini, nikamimina. Alikohoa mara moja tu. Chupa iliisha, nikaona nimefaulu. Asubuhi pumzi yake ilikuwa na mlio kama chungu kinachotokota. Siku ya tatu akafa. Katika taarifa yangu niliandika kwamba alikufa kwa homa ya mapafu, na hilo lilikuwa kweli, isipokuwa sikuandika nani aliyeyatia maziwa katika mapafu hayo. Yule mama alinishukuru kwa kuja usiku. Mwanachama aliyekuwa akifuata katika orodha alingoja karibu miaka miwili zaidi.

Nilikosea mara mbili usiku ule. Kosa la kwanza lilikuwa kumlisha ndama kabla ya kumpasha joto. Joto la ndama mzima ni kati ya nyuzi 38.5 na 39.5. Likishuka chini ya 38, apashwe joto. Likishuka chini ya 35 yumo katika hatari kubwa. Asiye na kipimajoto atie kidole safi kinywani. Kinywa cha ndama mzima kina joto, na ulimi hukikamata kidole na kukivuta. Kinywa kikiwa baridi na kidole kikaachwa kama kilivyo, ndama huyo hawezi kumeza vizuri, na chochote utakachomimina kitatafuta njia yake chenyewe.

Namna ya kumpasha joto si ngumu. Msugue kwa magunia makavu au majani makavu ya migomba, kwa nguvu, ukienda kinyume cha manyoya, mpaka akauke kabisa; kusugua huko pia huamsha mzunguko wa damu na pumzi. Mtoe penye sakafu tupu, umlaze juu ya matandiko mazito. Akiwa baridi sana, mwogeshe katika beseni au pipa lililokatwa, lenye maji ya joto kama nyuzi 38 hadi 40, mtu mmoja akimshika kichwa kisizame, na maji yaongezwe kadiri yanavyopoa. Baada ya nusu saa hivi utaona masikio yanaanza kucheza. Mtoe, mkaushe kabisa, kwa maana ndama aliyeachwa na maji mwilini atapoa upya kuliko mwanzo. Kisha mfunike, na chupa za maji ya moto zilizozungushiwa nguo ziwekwe kifuani na ubavuni. Jiko la mkaa lisiwekwe katika chumba kilichofungwa. Moshi wake usioonekana huua ndama na huua watu.

Wazee wetu wa mlimani walilala nyumba moja na ng'ombe wao, na moto ukiwaka katikati. Wengine walitucheka kwa desturi ile. Sisemi turudi huko, lakini ndama wa bibi yangu hakupata kuzaliwa juu ya saruji.

Kosa langu la pili lilikuwa kumimina badala ya kunyonyesha. Ng'ombe ana matumbo manne. Maziwa ya ndama yatakiwa yafike tumbo la nne moja kwa moja, na yapo maumbile ya kuyafikisha: ndama anyonyapo, kingo za mfereji ulio ndani ya tumbo kubwa hujikunja zikawa kama bomba, na maziwa hupita humo. Kunyonya ndiko kunakofunga bomba hilo. Kwa hiyo tumieni chupa yenye chuchu ya mpira. Mdomo wa ndama uinuke kidogo tu, kama vile angenyonya chini ya mama yake, wala shingo isipindwe nyuma. Ndama awe amesimama, au kama hawezi kusimama awe ameketi kwa kidari, miguu imekunjwa chini yake, wala asilishwe akiwa amelala ubavu. Dang'a iwe na joto la mwili. Tundu la chuchu lisipanuliwe kwa msumari ili kazi iishe upesi, jambo nililoliona katika nyumba nyingi kuliko ninavyopenda kusema. Ukiigeuza chupa juu chini, maziwa yadondoke tone kwa tone. Yakitiririka, tupeni chuchu hiyo.

Kama ndama hanyonyi, mwekeeni dang'a kidogo juu ya ulimi kwa kidole, msugueni kaakaa, msugueni na mgongo karibu na mkia kama mama yake afanyavyo kwa ulimi. Wengi huamka hapo. Kama amekwisha kupata joto na bado hanyonyi, isipite saa nyingine: aitwe mtu anayejua kutumia mpira wa kulishia. Mpira huo hupitishwa kinywani hadi katika umio, na anayeupitisha lazima aguse shingo kwa nje, asikie mirija miwili, ule mgumu wenye pete ambao ni njia ya pumzi, na mwingine laini kando yake wenye mpira ndani. Asiposikia miwili asimimine hata tone. Sikufundishi kwa maneno. Mpira hujifunzwa kwa mkono, na hilo tutalifanya baada ya kikao hiki.

Pumzi na kitovu nitavipitia upesi. Ndama akizaliwa hapumui, toeni ute puani na kinywani, muwekeni akae kwa kidari, mchokoeni puani kwa jani kavu, mmwagieni maji baridi kidogo kichwani au sikioni. Ile desturi ya kumning'iniza kichwa chini kwa muda mrefu iacheni. Ute mwingi unaotoka hapo hutoka tumboni, na uzito wa matumbo hukandamiza mapafu. Kitovu kichovywe chote katika tincha ya ayodini, ndani ya kikombe kidogo, mara tu baada ya kuzaliwa na tena siku inayofuata. Kupaka kwa pamba juu juu hakutoshi. Kitovu kichafu ndicho chanzo cha yale magoti yanayovimba wiki ya pili, ambayo watu husema ndama ameteguka.

Tena, aliyemzalisha ng'ombe aliyetupa mimba, au aliyezaa ndama dhaifu kabla ya wakati wake, asishike kondo la nyuma kwa mikono mitupu. Yapo maradhi ya kutupa mimba yanayowapata na wanadamu. Kondo lifukiwe shimoni, mbali na mbwa, na mtaalamu apewe habari.

Je, kama dang'a haipo kabisa? Ipo dawa ya zamani ambayo wengi wenu mmefundishwa: yai moja bichi, maji theluthi moja ya lita, maziwa ya ng'ombe maradufu ya maji hayo, na nusu kijiko cha chai cha mafuta ya mbarika, mara tatu kwa siku kwa siku nne. Nami niliifundisha. Sikatazi itumike mahali pasipokuwa na jingine, maana chakula ni chakula. Lakini ndugu wanachama wasidanganyike: mchanganyiko huo humlisha ndama, haumpi kinga, kwa sababu kinga ile ya dang'a haimo katika yai la kuku, na katika maziwa ya kawaida ni kidogo mno. Dang'a ya jirani, hata ya ng'ombe wa kienyeji, ni bora mara nyingi kuliko mchanganyiko huo.

Na hapa ndipo chama kinapoingia. Dang'a iliyogandishwa katika friza hukaa mwaka mmoja bila kupoteza kinga yake. Tumbo la ndama halikuumbwa kwa dang'a yote ya Friesian mwenye maziwa mengi. Ng'ombe mzima hubakiza. Kila chama cha msingi chenye umeme kingeweza kuwa na akiba ya chupa kumi za lita moja moja, za ukamuaji wa kwanza tu, kutoka kwa ng'ombe waliokomaa, waliopimwa, wasio na ugonjwa wa kiwele, kila chupa imeandikwa tarehe na jina la mwenye ng'ombe. Anayeazima chupa arudishe chupa, kama tunavyofanya kwa mbegu. Chupa iyeyushwe katika maji ya joto ambayo mkono wavumilia, yasiyozidi nyuzi 50. Isiwekwe juu ya moto, kwa kuwa dang'a iliyochemshwa huganda na kinga yake huharibika. Baadhi ya vyama vitasema havina friza. Basi yupo mwanachama mwenye duka anayeuza soda baridi, naye azungumzwe.

Nawaomba pia akina mama wanisamehe kwa hili. Najua ile dang'a iliyopikwa ikaganda ni tamu, na watoto huisubiri. Mimi mwenyewe niliisubiri. Lakini ndama apewe haki yake kwanza. Na wale wachache wanaoitia dang'a katika maziwa ya kituoni siku ya tatu, wakidhani karani hatatambua, wajue kwamba karani hutambua, na tangi zima lililopokelewa asubuhi ile laweza kukataliwa.

Sasa kuhara. Ndama aliyekosa dang'a, au aliyeipata kwa kuchelewa, aghalabu huanza kuhara kabla ya kumaliza wiki ya kwanza au ya pili. Kinachomuua ni kukaukiwa maji na chumvi. Macho huzama, ngozi ya shingo ukiivuta hukawia kurudi, miguu hupoa. Hapo nasahihisha jambo ambalo mimi na wenzangu tulilifundisha kwa miaka mingi. Tulisema ndama anayehara anyimwe maziwa siku nzima au mbili. Siku hizi imethibitika kwamba kumnyima maziwa ni kumwongezea njaa juu ya ugonjwa. Aendelee kupewa maziwa yake, kidogo kidogo na mara nyingi, na kati ya maziwa na maziwa, wapishane kama saa mbili au tatu, apewe maji yenye chumvi na sukari: lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa hadi joto la mwili, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Pakiti za dawa ya maji kwa ndama zikipatikana dukani ni bora zaidi. Ndama aliyehara sana aweza kuhitaji lita 4 au zaidi za maji hayo kwa siku. Asiyeweza kunyonya wala kuinua kichwa hatapona kwa chupa. Huyo ni wa daktari na dripu, na ni wa siku hiyo hiyo.

Watu wengi hukimbilia sindano. Kuhara kwingi kwa ndama wachanga husababishwa na virusi au vijidudu ambavyo dawa za kuua bakteria hazivigusi. Ndama mwenye homa, au mwenye damu katika mavi, au aliyezidiwa, aonwe na mtaalamu, naye ndiye aamue sindano. Mabaki ya dawa iliyonunuliwa kwa ajili ya mbuzi mwaka jana yasitumike.

Chupa na chuchu zisuuzwe kwanza kwa maji ya uvuguvugu, kisha zisuguliwe kwa maji ya moto na sabuni, zianikwe kichwa chini. Mkianza na maji ya moto, mabaki ya maziwa yatagandamana ndani. Na ndama mgonjwa alishwe mwisho, baada ya wazima.

Habari za kupe na ndigana kali sitazigusa leo. Zinahitaji siku yake.

Limebaki jambo moja ambalo baadhi ya makatibu hawatalipenda. Ndama wengi dhaifu hudhoofika kabla ya kuzaliwa. Ng'ombe mwenye mimba atakiwa akaushwe maziwa miezi miwili kabla ya kuzaa, alishwe vizuri, ajenge ndama na atengeneze dang'a nzito. Anayekamuliwa hadi wiki ya mwisho huzaa na kiwele kilichochoka, na dang'a yake ni nyepesi. Wafugaji wanalijua hilo. Kwa nini basi hawakaushi? Kwa sababu makato ya mkopo wa pumba hayakauki. Mwanachama mwenye ng'ombe mmoja akiacha kuleta maziwa miezi miwili, deni linamkabili na ada ya shule inamkabili. Nimeona kina mama wakikamua vikombe viwili kwa siku kutoka kwa ng'ombe mwenye mimba ya miezi minane na nusu, ili tu jina lao lisikosekane katika daftari. Naomba vyama vijadili katika mikutano yao mikuu kama makato yaweza kusimamishwa kwa miezi hiyo miwili, na kulipwa ng'ombe akishazaa. Hesabu zake ninyi mnazijua kuliko mimi.

Hali kadhalika ndama akishaokoka asinyimwe maziwa kwa ajili ya mizani ya kituo. Ndama wa kilo 40 anahitaji lita 4 hadi 6 kwa siku katika wiki zake za mwanzo. Zile lita 2 tulizozoea kumgawia humweka hai, hazimkuzi.

Na kwa kuwa tupo katika habari za kulipa ng'ombe, nitaje jambo dogo lililowahi kuzua ugomvi. Pacha wa kike aliyezaliwa pamoja na dume aghalabu huwa tasa. Ni zaidi ya tisa kati ya kumi. Mleeni, mnenepesheni, muuzeni kwa nyama. Lakini asitolewe kulipia deni la mtamba, na katibu aandike uzazi wa mapacha katika kadi ya ng'ombe siku ile ile unapotokea, kabla watu hawajasahau.

Niliyoombwa kuyapendekeza ni haya: safu ya ndama katika kila daftari, waliozaliwa, waliokufa, na walikufa siku ya ngapi, akiba ya dang'a, kipimajoto kimoja, chupa mbili za chuchu na mpira mmoja wa kulishia katika kila kituo, na watu wawili katika kila chama, mmoja wao mwanamke, wanaojua kuutumia mpira huo na ambao namba zao za simu zimebandikwa ukutani kituoni. Nasema mwanamke kwa sababu saa nane usiku ndiye aliye zizini.

Ndugu Mwenyekiti, huko nyuma ya ukumbi yupo ndama dume wa siku tano, mzima, ambaye mwenyewe ametukubalia tumtumie. Maji ya moto yamekwisha kuletwa, na lita moja ya maziwa ya mama yake iko tayari. Naomba makatibu wavue makoti, wanawe mikono hadi viwiko, na watoke kwa makundi ya watu wanne. Kila mmoja ataigusa shingo yake na kuisikia mirija miwili kabla hatujamimina chochote.